Hisa Ikipanda Hadi Ikamzidi Mwenyewe

Hasara haikosi washauri. Mtu akinunua hisa zikashuka, ndugu watampa pole, rafiki atamkumbusha kwamba alimwonya, na mwenzake wa ofisini atamsimulia ya kwake yaliyokuwa makubwa zaidi. Faida ndiyo inayomwacha mtu peke yake. Hisa ikipanda mara tatu, mara tano, mara nane ya bei aliyonunulia, hana pa kulipeleka swali lake, maana akilitamka tu litasikika kama majigambo. Na lipo la pili linalomfunga mdomo: akishasema ana kiasi gani, wapo watakaobisha hodi na shida zao kabla ya jua kuzama. Basi hunyamaza nalo. Asubuhi huchungulia bei kwenye simu, soko likifungwa huchungulia tena, na uamuzi huuahirisha hadi kesho.

Swali lenyewe ni fupi: nipunguze au niache? Wengi huliuliza kana kwamba jibu limo ndani ya bei. Wanataka kujua kama hisa imefika kileleni, kama bado ina pumzi, kama wakubwa wameanza kutoka. Hayo hakuna anayeyajua kwa hakika, na anayeanzia hapo atazunguka mpaka achoke. Ninavyoona mimi, wakati wa kupunguza hisa iliyokupa faida hutokana zaidi na mambo ambayo mwenyewe unaweza kuyajua: fedha hizo ni za kazi gani, nani anazitegemea, na ni sehemu gani ya maisha yako umeiacha mikononi mwa kampuni moja.

Tuchukue hisa ambayo Watanzania wengi wanaifahamu. Mwaka 2008 serikali iliuza kwa umma asilimia 21 ya hisa za benki ya NMB, kila moja kwa TSh 600. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa. Miaka ikapita. Kuna kipindi, karibu na 2019 na 2020, bei ilikaa kwenye TSh 2,340 kwa muda mrefu kana kwamba imepigiliwa misumari. Kufikia 2024 ilikuwa imevuka TSh 5,000. Na gawio la mwaka wa fedha 2023 lilizidi TSh 700 kwa hisa. Aliyenunua 2008 akatulia, gawio la mwaka huo mmoja lilimrudishia zaidi ya alichotoa siku ya kwanza.

Mtu huyo ana haki ya kufurahi, na uvumilivu wake unastahili heshima. Tatizo ni kwamba furaha yake ina rula ya zamani. Kila gawio likiingia analipima kwa ile TSh 600, anaona amepata zaidi ya asilimia 100, na hakuna uwekezaji mwingine duniani utakaoweza kushindana na hesabu ya namna hiyo. Lakini TSh 600 haipo tena. Kwa bei ya 2024 alichonacho ni TSh 5,000, na kwa TSh 5,000 gawio la TSh 700 ni asilimia 14. Bado ni zuri, zuri sana, ila sasa limerudi kwenye uwanja ambao wengine nao wanacheza: hatifungani za serikali, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, hisa za kampuni nyingine, kiwanja, au duka la mke wake linalohitaji friji la pili. Swali la haki ni hili: ningepewa fedha hii taslimu leo, ningenunua hisa hizihizi, kwa wingi huuhuu? Akijibu ndiyo bila kusita, aziache. Akijikuta anasema angenunua nusu tu, basi amejiambia mwenyewe jambo ambalo dalali hawezi kumwambia.

Kwa nini basi ni vigumu kulifuata jibu hilo? Kwa sababu ya majuto. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Kwenye hisa huyo mjukuu ni pacha. Wa kwanza anasema, umeuza na bei imepanda. Wa pili anasema, hukuuza na bei imeshuka. Huwezi kumkimbia mmoja bila kumkuta mwenzake.

Hata aliyeiwekea elimu ya uwekezaji msingi aliwaogopa pacha hao. Harry Markowitz, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1952 makala iliyoonyesha kihesabu kwa nini ni busara kutawanya uwekezaji, na aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990 kwa kazi hiyo, alisimulia jinsi alivyogawa akiba yake ya uzeeni alipokuwa kijana kazini. Hakuitumia hesabu yake mwenyewe. Aliwaza angejisikiaje soko likipanda naye hayumo, akawaza angejisikiaje likianguka naye yumo mzima mzima, kisha akaweka nusu kwenye hisa na nusu kwenye hatifungani. Wapo wanaokicheka kisa hiki, wakiona mtaalamu alisaliti taaluma yake. Mimi nakiona kuwa ni ukweli usio na aibu. Alijua kwamba mwenye kuishi na uamuzi ni mtu, na mtu ana usiku wa kulala na asubuhi ya kuamka.

Kenya ina mfano mkubwa zaidi wa pacha hao. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa KSh 5. Mamia ya maelfu ya watu waliomba, wengine kwa mikopo ya benki, na walio wengi waligawiwa sehemu ndogo tu ya walichokiomba. Siku za mwanzo sokoni bei ilivuka KSh 7, na mwaka uliofuata ilikuwa imezama chini ya KSh 3. Waliokopa waliumia, kwa kuwa riba ya mkopo haingoji bei irudi. Waliovumilia waliona mwaka 2021 hisa ikipita KSh 40. Kisha wawekezaji wa nje wakaanza kuondoa fedha zao, riba za Marekani zikapanda, gharama za kuingia Ethiopia zikaonekana kwenye vitabu, na mwaka 2023 hisa ileile ikawa chini ya KSh 15. Baadaye ikaanza kupanda upya.

Sasa mtafute mjinga katika historia hiyo. Kuna aliyeuza kwa KSh 10 akalipa ada ya chuo ya binti yake. Kuna aliyebaki mpaka 40 akaendelea kubaki mpaka 13, kwa kuwa alizinunua ziwe urithi na hakuwa na haja na fedha hizo. Kuna aliyeuza robo kila bei ilipoongezeka maradufu. Na kuna aliyebaki mpaka 40 akingoja 50, huku akijua kwamba mwezi Januari alitakiwa kulipa fundi wa nyumba. Kwa chati ya bei peke yake, wa kwanza ndiye aliyekosa zaidi. Kwa maisha yao, wa mwisho ndiye aliyepotea, na alipotea kabla bei haijaanza kushuka: alipotea siku aliyoiacha fedha yenye kazi iendelee kucheza kama fedha isiyo na kazi.

Hapo niwe mwangalifu, maana maneno haya yanaweza kusomeka kama wito wa kuuza upesi. Sivyo. Kuuza kwa sababu tu hisa imepanda ni udhaifu wenye historia ndefu. Mtafiti Terrance Odean alichunguza akaunti 10,000 za wateja wa kampuni moja ya udalali Marekani, na mwaka 1998 akachapisha alichokiona: watu walikuwa wepesi kuuza hisa zilizowapa faida na wazito kuuza zilizowapa hasara. Tena zile za faida walizouza, kwa wastani, zilifanya vizuri zaidi katika mwaka uliofuata kuliko zile za hasara walizoshikilia. Sababu tunaijua bila utafiti. Kuuza kwa faida ni kujipigia makofi. Kuuza kwa hasara ni kukiri mbele ya kioo. Kwa hiyo mtu hujipongeza mara kwa mara, akabaki na rundo la hisa ambazo hataki kuzitazama usoni.

Halafu kuna la uzito zaidi. Mwaka 2018 Hendrik Bessembinder alionyesha kwamba, kati ya kampuni zote zilizopita kwenye masoko ya hisa ya Marekani tangu 1926, takriban asilimia 4 tu ndizo zilizozaa utajiri wote wa soko hilo uliozidi ule ambao mtu angeupata kwenye hati za muda mfupi za serikali. Nyingine zote, zikijumlishwa, hazikuzidi hapo. Maana yake ni kwamba katika maisha ya mwekezaji wa kawaida, hisa moja au mbili ndizo zitakazobeba nyingine zote. Anayeikata kila inapochipua hatakuwa na kivuli. Kupunguza kuna gharama, na asiyekubali kuitaja gharama hiyo hajatafakari bado.

Sasa tuitazame gharama ya upande wa pili. Katika soko dogo, lenye kampuni chache zinazouzika kwa urahisi, ni kawaida hisa moja iliyofanya vizuri ikameza zote. Mtu hakuamua kuweka theluthi mbili ya akiba yake kwenye kampuni moja. Ilikua tu, mwaka hadi mwaka, huku yeye akiendelea na shughuli zake. Hakuna siku aliyokaa na mwenziwe wakakubaliana kwamba elimu ya watoto itategemea mwenendo wa benki moja. Hali inakuwa nzito zaidi kwa mfanyakazi wa kampuni yenyewe: mshahara unatoka pale, mkopo wa nyumba unakatwa pale, bima ya afya ni ya pale, na hisa nazo ni za palepale. Wafanyakazi wa kampuni ya Enron kule Marekani walikuwa hivyo. Zaidi ya nusu ya mali iliyokuwa kwenye mpango wao wa akiba ya uzeeni ilikuwa hisa za kampuni yao. Mwezi Agosti 2000 hisa hiyo ilikuwa zaidi ya dola 90. Desemba 2001, kampuni ilipoomba kufilisika, ilikuwa chini ya dola 1. Kazi na akiba viliondoka kwa mlango mmoja.

Tusidhani hayo ni ya ng'ambo. Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, ilikuwa fahari ya magharibi mwa Kenya, na kwa miaka kadhaa hisa yake ilikuwa kipenzi cha wawekezaji wadogo. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Waliokuwa na hisa chache walipata fundisho. Waliokuwa wameweka kila kitu, huku wakilima miwa ya kiwanda hichohicho, walipoteza mazao na akiba kwa pigo moja. Mapenzi yao kwa kampuni hayakuwa kosa. Kilichokosekana ni kiasi, na kiasi ni jambo ambalo kampuni haiwezi kumpangia mwanahisa wake.

Tuishushe hesabu mpaka mezani. Tumchukulie muuguzi wa Mbeya mwenye hisa 2,000 za NMB alizonunua 2008 kwa TSh 1,200,000. Kwa bei ya TSh 5,000 ya mwaka 2024, zina thamani ya TSh 10,000,000. Ana TSh 2,000,000 kwenye saccos ya hospitali na TSh 1,000,000 benki. Jumla ni TSh 13,000,000, na katika kila shilingi 100 za akiba yake, 77 ziko kwenye kampuni moja. Amebakiza miaka sita kustaafu. Mwanawe wa mwisho anaingia kidato cha tano.

Anakaa na daftari. Anajiuliza: hisa hizi zikishuka nusu mwaka huu, nitafanya nini? Jibu lake ni kwamba shule italipwa, kwa shida, lakini mpango wa kumalizia nyumba ya Uyole utakufa. Anajiuliza tena: zikipanda maradufu, maisha yangu yatabadilika nini? Anafikiri muda mrefu zaidi. Nyumba itakuwa ileile, ikiwa na vigae badala ya sakafu ya saruji. Hapo amepata kipimo ambacho hakimo kwenye gazeti lolote: anachoweza kupoteza kinamuuma zaidi ya anachoweza kuongeza kinavyomfurahisha. Kwa mtu wa miaka 27 asiye na wa kumsomesha, majibu yangeweza kugeuka kabisa, na uamuzi nao ungegeuka.

Anaamua kampuni moja isizidi nusu ya akiba yake. Kwa hesabu hiyo atauza hisa 700, apate TSh 3,500,000 kabla ya ada za dalali na za soko, ambazo zinazidi kidogo asilimia 2. Kodi ya faida haimhusu. Sheria ya Tanzania haimtozi mwekezaji mdogo anapouza hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anachoachia ni gawio. Hisa 700 kwa gawio la TSh 700 zingempa TSh 490,000, ambazo baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 ni TSh 465,500 kwa mwaka. Akizipeleka fedha hizo, ukiacha ada, kwenye hatifungani yenye riba ya asilimia 12, atapata TSh 420,000. Tofauti ni kama TSh 45,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya utulivu wake, na ni vyema aione ikiwa imeandikwa kwa kalamu, asije akadhani utulivu hutolewa bure.

Kisha mwaka unageuka, na NMB inatangaza gawio la mwaka wa fedha 2024: zaidi ya TSh 850 kwa hisa. Muuguzi wetu anaona alichokikosa kwenye zile 700. Je, alikosea? Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili. Kama uamuzi hupimwa kwa kilichotokea baadaye, basi alikosea, na kila mtu aliyewahi kufunga mkanda wa gari akafika salama alipoteza muda wake. Kama uamuzi hupimwa kwa sababu zilizokuwepo siku ulipofanywa, alifanya vyema: alijua mzigo wake, alijua bei ya kuupunguza, akailipa. Tena bado ana hisa 1,300 zinazolipwa gawio hilohilo nono. Aliyepunguza hakuaga.

Kuna kanuni moja inayopendwa sana na wawekezaji wetu: ikipanda maradufu, uza nusu, rudisha mtaji, iliyobaki ni faida tupu. Ina hekima yake. Humpa mwoga ujasiri wa kuiacha nusu iliyobaki ikue, na humpa mwenye tamaa mahali pa kusimama. Lakini imebeba wazo ambalo ningependa tulitazame vizuri, kwamba faida ni fedha ya mwingine, fedha ya kuchezea. Shilingi ya faida hununua unga uleule. Miaka 16 ya kungoja ni jasho pia, hata kama halionekani kwenye shati. Anayesema iliyobaki ikipotea si kitu, siku ikipotea atajua kwamba ilikuwa kitu.

Sababu za kweli za kupunguza si nyingi. Ya kwanza tumeiona: uzito umezidi kile ambacho nyumba yako inaweza kubeba. Ya pili ni kampuni kubadilika. Uliinunua kwa kuwa ilikopesha kwa uangalifu, sasa mikopo chechefu inaongezeka. Uliinunua kwa kuwa viongozi wake walisema ukweli kwenye mkutano mkuu, sasa taarifa zinachelewa na maelezo yanazidi kurefuka. Katika hali hiyo bei ya juu ni bahati ya kupata mlango ukiwa wazi. Ndiyo maana inafaa sababu ya kununua iandikwe siku ya kununua, sentensi mbili tu, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu aliyefaidika hujirekebisha yenyewe, na baada ya miaka mitano ataapa kwamba aliona yote tangu mwanzo.

Ya tatu ni mahitaji, na hii ndiyo tunayoionea haya bila sababu. Tumelelewa kusifu anayechuma, na methali inasema mchumia juani hulia kivulini. Nusu ya pili ya methali hiyo haisomwi sana. Yupo mtu mwenye hisa za mamilioni anayemwacha mama yake achote maji kwa ndoo, kwa sababu kuuza wakati bei inapanda ni ushamba. Fedha imekua, mwenye fedha amebaki palepale. Kuuza hisa 100 ili kisima kichimbwe hakupungukiwi na heshima mbele ya kuuza kwa sababu za kitaalamu. Pengine ndiyo sababu ya kitaalamu kuliko zote, kwani hakuna ubishi juu ya kilichopatikana.

Kinyume chake ziko sababu zinazovaa nguo za busara. Jirani kauza. Kikundi cha WhatsApp kimejaa maneno ya kileleni. Nimechoka kuiona. Nataka niwe na la kusimulia. Hizi zote zinahusu watu wengine au hali ya moyo ya juma hili, na bei ya hisa haijui lolote kati ya hayo. Vilevile upande wa kutouza una nguo zake: uaminifu kwa kampuni, uzalendo, ahadi kwamba hisa hizi nitakufa nazo. Uaminifu ni tunu kubwa baina ya watu. Kampuni iliyoorodheshwa haijui jina lako isipokuwa kwenye daftari la wanahisa, na haitakulaumu ukipunguza.

Kwa masoko yetu kuna jambo la utendaji lisiloweza kuachwa. Wengi hujiliwaza kwamba watauza pindi bei ikianza kushuka. Mjini New York mtu anaweza kufanya hivyo kwa sekunde. Kwenye soko lenye wanunuzi wachache, siku habari mbaya inapofika wauzaji hupanga foleni na wanunuzi huondoka, na oda yako inaweza kukaa siku nyingi bila kuguswa. Hisa huuzika vizuri wakati watu wanaitaka, nao huitaka inapopanda. Hivyo mwenye nia ya kupunguza anapaswa kuifanya kazi hiyo katika siku njema, kidogo kidogo, kwa bei anayoiandika mwenyewe, bila kungoja siku ya kukimbia.

Na kwa asiyeweza kujishawishi kuuza hata moja, ipo njia ya upole: gawio. Badala ya kulirudisha kwenye hisa zilezile, alipeleke kwingine kila mwaka, kwenye hatifungani, kwenye mfuko wa ukwasi, kwenye ada. Kwa miaka mitano au sita uwiano utajirekebisha taratibu bila ya yeye kuaga chochote. Njia hii haina ushujaa, na ndiyo maana inawafaa watu wengi.

Nimebakiza jambo la nyumbani. Uamuzi huu hufanywa vibaya zaidi unapofanywa kwa siri. Ziko hisa nyingi ambazo gawio lake halidaiwi, kwa kuwa aliyezinunua alifariki na hakuna aliyejua. Kenya imelazimika kuunda mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mali za fedha zisizodaiwa. Mtu anapokaa na mumewe au mkewe, au na mwanawe mkubwa, akawaambia tuna hisa hizi, zilinunuliwa kwa sababu hii, zitauzwa jambo hili likitokea, amefanya makubwa kuliko kupatia kilele cha bei. Amewapa wenzake haki ya kuuliza, na maswali ya watu wanaokutegemea hupunguza tamaa kuliko kanuni yoyote ya kitabuni.

Muuguzi wetu naye ana hisa 1,300, na bei ikiendelea kupanda zitazidi tena nusu ya akiba yake. Hana haja ya kuziangalia kila asubuhi. Mara moja kwa mwaka, gawio linapotangazwa, atafungua daftari, aandike bei mpya, agawanye, aulize maswali yaleyale mawili, na mwanawe akiwa mezani. Mwaka mwingine jibu litakuwa uza hisa 200. Mwaka mwingine litakuwa acha. Yote mawili yatakuwa majibu sahihi, mradi yametoka kwake.